Kompyuta ya mezani inajizima au kurestati kila saa? Mwongozo kamili kabla hujapiga windows wala kununua kifaa

Wakuu habari za muda huu, na kwa wa hapa nyumbani mbukwenyi. Kila mwaka upepo wa Dodoma ukianza, ile miezi ya kuanzia wa sita mpaka mvua zije huko wa kumi na mbili, simu ninazopokea ni zile zile. Kaka mashine inajizima. Mjomba skrini imekuwa ya bluu imeandika maneno afu ikawaka upya. Ukiuliza vizuri unakuta mtu ameshapiga windows (kuifuta na kuiweka upya) mara mbili, mwingine keshanunua RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), mwingine kaambiwa mazabodi (bodi kuu ya ndani) imekufa atafute mashine nyingine, na hakuna hata mmoja aliyekaa akaangalia hiyo mashine inakufaje.

Mi mwenyewe yalinikuta hapa Nkuhungu. Mashine ya nyumbani, mwanangu anaisomea na mama yake anaandikia hesabu za duka, ikaanza kukata. Nikapeleka kwa fundi akapiga windows, ikarudi ikazima jioni ile ile. Nikarudisha, akabadili RAM, kwake inakaa siku nzima haina neno, nikiileta nyumbani haimalizi saa. Hapo ndo nikashtuka, mashine ni ile ile, kwa fundi nzima kwangu mgonjwa, maana yake ugonjwa uko kwenye kitu ambacho sijawahi kumpelekea fundi. Ilikuwa ekstensheni. Tundu moja lilishalegea ndani na kuungua, ukisogeza meza kidogo tu umeme unakatika kwa nukta moja, taa ya ekstensheni hata hupati muda wa kuiona ikizima. Wiki tatu na hela ya RAM vimeenda kwa ajili hiyo.

Kwahiyo nimepanga huu mwongozo kama mi ninavyotafuta tatizo sasa ivi, vya bure kwanza vya hela baadae, na nje ya boksi kwanza ndani baadae. Nazungumzia kompyuta ya mezani yenye Windows 10 au 11, hasa hizi used ambazo wengi wetu tunazo.

Kwanza kopi vitu vyako, leo

Kabla hujagusa chochote chukua flashi au diski ya nje, kopi picha, kazi za watoto, hesabu, barua, kila kitu ambacho huwezi kukipata tena. Kama ugonjwa uko kwenye diski kuna siku itazima na haitawaka tena, na hiyo siku haitoi taarifa. Usiseme nitakopi nikimaliza kutengeneza.

Jua inakufa kifo gani

Hii ndo sehemu watu wanaruka na ndo yenye majibu mengi. Chukua daftari, sio kichwa, daftari. Kila ikizima andika saa, ulikuwa unafanya nini, imewaka kwa muda gani kabla ya kuzima, na imezima kwa namna gani. Namna ziko kama tano hivi.

Kuna ile ya kukata kama umechomoa waya, skrini nyeusi feni kimya. Hapo fikiria umeme wa nyumba, pawa saplai (kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme kwenye mashine), au joto. Kuna ya kurestati yenyewe bila neno, hiyo inaweza kuwa umeme pia ila inaweza kuwa skrini ya bluu ambayo imepita haraka hujaiona. Kuna skrini ya bluu yenyewe yenye maandishi (kwenye Windows 11 zilizoapdetiwa siku hizi ni nyeusi, ila maandishi yapo). Kuna kuganda, mausi haisogei na sauti ya wimbo inakwama inarudia rudia, hapo mara nyingi ni diski, RAM au kadi ya picha. Na kuna programu moja tu kujifunga huku mashine yenyewe iko sawa, hiyo usipoteze muda na vifaa, anza na hiyo programu, itoe uiweke upya.

Sasa ili usichanganye ile ya pili na ya tatu, zuia mashine isirestati yenyewe ikipata hitilafu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kwenye Startup and Recovery bonyeza Settings, toa tiki kwenye Automatically restart. Kuanzia hapo ikipata skrini ya bluu itasimama pale pale na utaisoma, piga picha na simu.

Siku tatu nne za daftari zinatosha kuona mpangilio. Kuna mama mmoja wa Chang'ombe nilimwambia aandike, akaja na karatasi mashine imezima mara sita na zote ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Nyuma ya nyumba yake kuna mashine ya kusaga, ikiwaka inavuta umeme wa jirani. Sikuhitaji kufungua boksi.

Soma mashine imeandika nini

Windows inaandika kila kinachotokea, wengi hawajui. Ya kwanza na rahisi, Windows na R, andika perfmon /rel. Itakuja chati ya siku kwa siku, penye alama nyekundu ya msalaba ndo siku iliyoanguka, ukibonyeza inakwambia ni programu gani au kama windows haikuzimwa vizuri. Angalia pia siku ya kwanza ya alama nyekundu, afu jiulize siku hiyo au moja kabla uliweka nini, apdeti, draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa), printa mpya, gemu la mtoto.

Ya pili ni Event Viewer, Windows na R andika eventvwr.msc, fungua Windows Logs halafu System. Tafuta mistari myekundu ya muda ule ule ulioandika kwenye daftari. Utakutana sana na Kernel-Power namba 41 na watu wakiiona wanakimbilia kununua pawa saplai. Hapana. 41 inasema tu mashine imewaka tena bila kuwa imezimwa vizuri, ni kama mtu kuzinduka anasema nilianguka, hajui alisukumwa na nani. Ingia kwenye Details uangalie BugcheckCode. Ikiwa 0, windows haikuwahi hata kuandika kosa, mara nyingi umeme umekata au mashine iliganda ukashikilia kitufe. Ikiwa namba nyingine kulikuwa na skrini ya bluu na hiyo namba ndo ya kufuatilia, ila ujue hapo imeandikwa kwa hesabu ya kawaida ya kumi kumi wakati skrini ya bluu wanaandika ya kompyuta, mfano 26 ni 0x1A, 292 ni 0x124.

Mistari mingine ya kuiheshimu: WHEA-Logger maana yake kifaa chenyewe kimelalamika, prosesa (ubongo wa mashine) au RAM au kadi. Disk namba 7 ni diski ina sehemu mbovu. Ntfs namba 55 ni mpangilio wa mafaili umeharibika.

Na maneno ya skrini ya bluu, haya ndo ninayokutana nayo. MEMORY_MANAGEMENT na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, anza na RAM. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR, windows imeenda kuchukua kitu kwenye diski imekosa, anza na diski na waya wake. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, joto, prosesa, umeme wa ndani, au mtu aliongeza spidi kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla windows haijawaka). VIDEO_TDR_FAILURE, draiva ya kadi ya picha au kadi yenyewe. DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL mara nyingi draiva na kwa chini linatajwa jina la faili lenye mwisho wa .sys, hilo jina lisearch mtandaoni utajua ni la kifaa gani. Ila usiamini neno moja la siku moja. Kama kila siku kosa linakuja tofauti, leo hili kesho lile, hiyo yenyewe ni dalili, RAM mbovu au umeme mbovu ndo unaleta hivyo.

Umeme, hapa nitakaa sana

Kwa mazingira yetu naanza hapa hata kama daftari halijasema. Toa ekstensheni yote pembeni, chomeka mashine moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Badili waya wa pawa, ule wenye matundu matatu unafanana na wa mota (skrini) na wa printa, azima wa mota ujaribu. Sukuma waya mpaka mwisho nyuma ya boksi maana huwa unalegea watoto wakivuta. Kaa hivyo siku mbili. Usipobadili kitu kingine chochote hizo siku mbili utajua.

Kama bado, pima umeme. Multimeta ya kawaida ya dukani inatosha, iweke kwenye volti za AC kwenye kipimo cha 600 au 750, kamwe usiiweke kwenye ampea ukachomeka kwenye soketi. Umeme wetu ni volti 230 na mzunguko 50, ikicheza kati ya 207 na 253 hapo sio pabaya. Lakini usipime mara moja ukaridhika, pima asubuhi, pima mchana mashine ya kusaga na fundi grili wanapofanya kazi, pima saa mbili usiku watu wote wakiwa nyumbani. Ukiona 225 inashuka ghafla mpaka 180 na kurudi, umepata mtu wako. Pawa saplai nyingi za sasa zinaweza kuvumilia umeme mdogo unaoshuka taratibu, kinachoziua ni ule wa kushuka na kuruka ghafla.

Hapa watu wanachanganya dawa. Stebilaiza inapandisha na kushusha volti, haina betri, umeme ukikatika hata nusu sekunde mashine imezima. Ile gadi ya friji ndo kabisa usiiwekee kompyuta peke yake ukategemea, kazi yake ni kukata umeme ukiwa mbaya na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha, yaani yenyewe ndo itakuwa inakuzimia. Kinachosaidia kompyuta ni UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Na UPS nayo ina ugonjwa wake, betri yake ya volti 12 inachoka baada ya miaka miwili mitatu, inabaki taa ya kijani inawaka lakini umeme ukikatika inalia mara moja inazima na kila kitu. Ijaribu hivi, seviu kazi, funga kila kitu, chomoa UPS ukutani mashine ikiwa inawaka. Ikikaa dakika tano kumi, nzima. Ikizima pale pale, kabla hujalaumu betri chomeka taa ya meza badala ya kompyuta na urudie. Kama taa inabaki inawaka ila kompyuta inazima, basi inawezekana pawa saplai ya kompyuta imechoka, maana UPS inapohama kutoka umeme wa ukutani kwenda betri kuna pengo la milisekunde chache ambalo pawa saplai nzima inalivuka bila shida na iliyochoka haiwezi. Pia printa ya leza usiichomeke kwenye UPS hata siku moja, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo ikianza kuchapa na UPS inazidiwa.

Kitu kingine ni athi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini. Udongo wetu huku ukikauka kiangazi unakuwa mkavu kweli kweli, na ile fimbo ya athi nje ya nyumba kwenye udongo mkavu haifanyi kazi vizuri kama wakati wa mvua. Ukigusa boksi la chuma ukasikia kama sisimizi wanatembea kwenye vidole, athi haipo au imekatika. Wengine wanaikata wenyewe kwa kutumia adapta ya pini mbili. Hiyo sio ya kuzoea, inahatarisha watoto na inachanganya mashine, mwite fundi umeme wa nyumba aikague na aangalie fimbo.

Na kama boksi lako nyuma lina kaswichi kekundu kalikoandikwa 115 na 230, hakikisha iko 230 na bandika selotepu juu yake mtoto asiisogeze, ikienda 115 kwa umeme wetu pawa saplai inapasuka hapo hapo.

Vumbi na joto

Hii ni ya pili kwa Dodoma na wakati mwingine ni ya kwanza. Mtu wa Nzuguni au Mtumba ambako viwanja bado viko wazi, ukifungua boksi baada ya mwaka unakuta hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) imevaa blanketi jekundu. Feni inazunguka lakini hewa haipiti.

Pima kabla hujafungua. Pakua HWiNFO au Core Temp, ni ndogo hazili bando. Angalia joto la prosesa mashine ikiwa imetulia, digrii 35 mpaka 50 ni sawa, kwa chumba cha bati kisicho na dari mwezi wa kumi na moja saa nane mchana itakuwa juu zaidi. Halafu ifanyishe kazi, fungua video kadhaa au gemu. Ikibaki chini ya 80 na kitu hakuna shida. Ikigonga 90 na kuendelea ujue ndo hapo, prosesa nyingi za Intel zinajilinda kwenye 100 na za AMD Ryzen kwenye 90 mpaka 95, kwanza zinapunguza spidi mashine inakuwa nzito, ikishindikana inakata. Ukiona joto linaruka kutoka 45 mpaka 95 kwa sekunde chache tu ulipofungua kitu, hilo sio vumbi, hitisinki imelegea au pesti ya joto (ile inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki) imekauka.

Kabla ya kufungua, kuna jambo la bure. Toa kile kitambaa. Najua kimefumwa vizuri na nyumba nyingi boksi na mota vimefunikwa kuzuia vumbi, ni sawa kabisa mashine ikiwa imezimwa, lakini ikiwaka kitoe chote mana kinaziba matundu ya hewa. Boksi lisikae chini sakafuni, weka juu ya stuli au tofali mbili, vumbi la kufagia linatembea chini. Na lisibanwe ukutani, acha kama kiganja kimoja nyuma.

Kusafisha: zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili chaji iliyobaki iishe, beba boksi mpaka nje kibarazani. Kiangazi hewa ni kavu na mwili unabeba umeme wa msuguano, ule unaokupiga ukivua sweta, huo unaua RAM bila wewe kusikia. Kwahiyo usifanyie juu ya zulia, na kila mara gusa chuma tupu cha boksi kabla hujagusa kitu cha ndani. Tumia brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika pamoja na blower ndogo. Shikilia feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaharibika. Wengine wanapeleka kwa fundi tairi apulize na kompresa, mi sikushauri, ina presha kubwa na mara nyingi inatoa maji maji yaliyojikusanya kwenye tenki. Usisahau matundu ya pawa saplai, puliza kwa nje bila kuifungua.

Ukiwa ndani angalia na tochi kama kuna mjusi. Nasema kweli, mjusi mdogo anaingia kwenye matundu ya nyuma ambako kadi ilitolewa na kibati hakikurudishwa, anafuata joto, na akikauka juu ya mazabodi anaunganisha njia mbili zisizotakiwa kuungana. Mende pia. Ziba hayo matundu kwa vibati vyake.

Pesti ya joto kwenye mashine used ya miaka mingi mara nyingi imeshakuwa kama chaki. Kuibadilisha: iwashe mashine dakika kumi ipate joto, zima uchomoe, legeza skrubu za hitisinki kwa mshazari kidogo kidogo, halafu izungushe kulia kushoto taratibu kabla ya kuinua, hasa kwa AMD zenye pini chini maana ukivuta kwa nguvu prosesa inatoka nayo na pini zinapinda. Futa ya zamani kwa spiriti ya duka la dawa na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka tone kama punje ya mbaazi katikati, rudisha hitisinki na ukaze kwa mshazari hivyo hivyo. Ukiweka nyingi haisaidii, inamwagika pembeni tu.

RAM

Ukiwa umeshafungua, toa RAM, paka ncha zake za dhahabu raba nyeupe ya kufutia penseli taratibu, pangusa, rudisha mpaka vishikizo vibane vyenyewe kwa sauti. Kwa kweli hili peke yake limetibu mashine nyingi sana, mguso unakuwa na vumbi au kutu.

Kisha ipime. Tengeneza flashi ya Memtest86+, ni ya bure, waka nayo, yaani mashine ianzie kwenye flashi badala ya diski (ikigoma zima Secure Boot kwenye BIOS), iache izunguke mizunguko mitatu minne, iache usiku kucha kama umeme wako unaaminika. Kosa hata moja tu ni RAM mbovu, hakuna kosa dogo. Ukiwa na mbili acha moja upime, halafu nyingine, halafu hamisha tundu, maana wakati mwingine RAM ni nzima tundu ndo bovu. Na kama uliongeza RAM ya aina tofauti na ile ya mwanzo na shida ilianza baada ya hapo, itoe ukae wiki bila hiyo.

Diski

Pakua CrystalDiskInfo. Ikiandika Good endelea, ikiandika Caution au Bad acha kusoma huu mwongozo ukakopi kilichobaki. Angalia mstari wa 05, C5 na C6, hizo ni sehemu zilizokufa au zinazoelekea kufa, namba ikiwa inapanda wiki kwa wiki diski imeshaanza safari. Mstari wa C7 ukipanda ni tofauti, mara nyingi huo ni waya wa SATA, ule unaounganisha diski na mazabodi, ni wa bei ndogo, badili. Diski inayogonga tak tak tak haipimwi, inaokolewa. Usikimbilie chkdsk na /r (amri ya windows ya kukagua diski) kwenye diski mgonjwa kabla ya kukopi, inaisomesha diski nzima mwanzo mwisho na inaweza kuimaliza.

Jaribio la flashi ya Linux

Hili ndo ninalotaka kila mtu alifanye kabla ya kusema piga windows. Weka Linux Mint au Ubuntu kwenye flashi, waka nayo, chagua kujaribu bila kuinstoli, haigusi diski yako. Tumia hivyo siku nzima, angalia video, vinjari. Ikizima na hapo, windows yako haina kosa lolote, ugonjwa ni wa kifaa au umeme na ukipiga windows mara kumi ni kazi bure. Ikikaa siku mbili bila neno huku kwenye windows haimalizi saa, sasa una haki ya kuangalia windows, draiva au diski. Hilo jaribio ni flashi ya GB 8 na bando la GB tatu hivi kwa Mint, Ubuntu ya sasa inakula zaidi ya hapo.

Windows na draiva

Kama umefika hapa na vifaa vimepita, ingia Safe Mode (windows inawaka na vitu vya lazima tu), shikilia Shift ukibonyeza Restart, halafu Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings. Ikitulia humo, kuna draiva au programu inayojiwasha na mashine. Rudi kawaida, fungua msconfig, zima huduma zote ambazo sio za Microsoft kisha rudisha nusu nusu mpaka umpate mkorofi. Draiva ya kadi ya picha chukua kwenye tovuti ya mwenye kadi au mwenye mashine, zile programu za kuapdeti draiva zote kwa mpigo ziondoe, zimeleta shida nyingi kuliko zilizotatua. Antivairasi mbili kwa pamoja ni hapana, Defender ya windows inatosha.

Mafaili ya windows yakarabati hivi, fungua Command Prompt kama Administrator, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth usubiri iishe, inahitaji intaneti, halafu sfc /scannow. Kwa mpangilio huo, sio kinyume, maana ya pili inachukua mafaili kwenye hazina ambayo ya kwanza imeitengeneza.

Na zile za kuactivate windows za kupewa kwenye flashi naomba tuambiane ukweli, nyingi zinakutaka uzime antivairasi kwanza, na baada ya hapo hujui umekaribisha nani. Nimeona mashine inazima kwa joto kumbe kuna kitu kinatumia prosesa asilimia 100 usiku na mchana. Angalia Task Manager mashine ikiwa imetulia, kitu kisichojulikana kikila prosesa muda wote kifuatilie.

Pawa saplai na mazabodi

Nimeviweka mwisho kwasababu ni vya hela. Pawa saplai inayokufa inazima mashine inapozidiwa kazi, gemu likianza tu, au inagoma kuwaka asubuhi baridi halafu inawaka ukijaribu mara ya tatu. Volti zake zinatakiwa zikae ndani ya asilimia 5, yaani ile ya 12 isishuke chini ya 11.4 wala kupita 12.6, na ya 5 kati ya 4.75 na 5.25. HWiNFO inaonyesha ila wakati mwingine inasoma vibaya, multimeta kwenye waya wa njano na mweusi wa plagi ya diski ndo ya kuaminika, pima mashine ikiwa inafanya kazi nzito. Boksi dogo jembamba la ofisini huwa na pawa saplai ya wati 200 na kitu tu, ukiongeza kadi ya picha ambayo peke yake inaweza kuvuta wati 75 kwenye sloti hapo usishangae. Na angalia plagi kabla ya kununua nyingine, mashine nyingi za kampuni kubwa zina plagi zake, pawa saplai ya kawaida haiingii. Usiifungue ndani hata kama imechomolewa, kapasita zake zinashikilia volti zaidi ya 300.

Mazabodi angalia kwa macho, kapasita zilizovimba kichwani au kutoa uji wa kahawia. Kubadilisha kapasita ni kazi ya fundi wa elektroniki, wa redio anaweza kama mkono wake umetulia. Saa ikirudi nyuma kila ukizima ni kabetri ka CR2032, badili, mashine inapoteza mipangilio ya BIOS na wakati mwingine inagoma kuona diski kwa sababu hiyo.

Ukienda kwa fundi

Nenda na daftari, picha za skrini ya bluu, na majibu ya majaribio uliyofanya. Peleka na waya wako wa pawa na ekstensheni unayotumia nyumbani, mwambie aiwashie humo humo. Piga picha lebo za RAM na diski kabla ya kuiacha, fundi mwaminifu hachukii hilo. Muulize amejuaje kuwa kifaa fulani ni kibovu, akikwambia alikiweka kwenye mashine nyingine ikazima nayo, huyo ni fundi. Akisema nadhani tubadilishe tuone, mwombe aazime cha kwake ajaribu siku mbili kabla hujatoa hela.

Ikishapona usirudishe kila kitu kwa siku moja. Siku ya kwanza mashine na mota tu. Baada ya siku tatu rudisha UPS, halafu printa, spika, ekstensheni ya mwisho kabisa kama bado unaitaka, na kila ulichorudisha kiandike kwenye daftari na tarehe yake.